Tofali la Mzee Yotamu

Ofisi ya Ujenzi,
Mbeya.
14 Novemba, 1976

Kwa baba yangu mpendwa, Fundi Eliezeri,

Kamwene, baba, na shikamoo ifuate nyuma yake, maana najua hupendi kusalimiwa nusunusu. Naamini barua hii inakukuta nje kwenye kigoda chako, mguu umeunyoosha juani, na mama yuko karibu anajifanya hasikilizi. Mguu huo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia mama unaitumia, au umeiweka dirishani ipate vumbi? Mimi huku mwili haujambo. Mvua za Mbeya zimeanza kwa fujo, ukungu hautoki mpaka saa nne asubuhi, ila kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha. Linalonisumbua sasa haliko kifuani.

Kabla hujaendelea kusoma nakuomba jambo moja, na unisamehe kwa kukuamuru kama vile mimi ndiye mzazi. Nenda ukafunge ule mlango mkubwa wa kanisa. Watu wote waingilie mlango wa ubavuni, hata wanakwaya wanaokwenda mazoezini, hata anayefagia. Mtu asipite wala asisimame chini ya lile tao. Ukishafunga, urudi ukae, nikueleze taratibu.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimesoma kwamba siku ya kuliweka kanisa wakfu ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, kwamba askofu amekubali kuja, na kwamba akina mama wamelipiga chokaa mpaka linaonekana toka barabara ya Ilula. Nimesoma pia kwamba Mzee Yotamu alirudi salama kutoka huku kwangu na kwamba tangu arudi hatulii nyumbani. Lakini barua yenyewe ilikuwa fupi mno, baba. Wewe ambaye ukianza habari ya ng'ombe mmoja aliyepotea unamaliza karatasi mbili! Nitairudia barua hiyo mwishoni.

Niruhusu nianze mbali kidogo. Unakumbuka wilaya iliposema kwamba jengo la kukusanya watu wengi halifunguliwi bila cheti cha matofali, wazee wa kanisa wakaanza kunung'unika, na wewe ukasimama ukawaambia hakuna haja ya kumbembeleza mtu, mwanao mwenyewe ndiye anayevunja matofali ya serikali Mbeya. Mama aliniambia kwamba siku hiyo ulivaa koti. Nilicheka sana, halafu nikalia kidogo, kwa sababu ni wewe uliyeambiwa na ukoo mzima kwamba kumsomesha msichana ufundi ni kupoteza karo.

Mkaniletea vile vikapu kwa basi, kila familia tofali moja, yamefungwa kwa majani makavu ya migomba kama mayai. Sikuhitaji kusoma majina. Kwa ile desturi yetu ya kila nyumba kuweka alama kwenye udongo ungali mbichi, nilijua lipi limetoka wapi. La kina Mika lina msalaba. La mama Benedicta lina vishimo vya punje za mahindi zilizoungua tanurini. Na la kwako lina kidole gumba pale pembeni, na lile kovu lako la shoka limekatiza mistari ya kidole katikati. Nililishika kwanza kabla ya kulipeleka kwenye mashine. Nilikuwa na hamu na nyumbani.

Mashine yetu ni kitu cha kawaida tu. Tofali linakaa kati ya vyuma viwili, unakaza, sindano inapanda polepole kwenye saa yake, na mwisho tofali linalia na kupasuka. Sindano inapoishia ndipo ilipo nguvu ya tofali. Yenu yote yalipanda vizuri, na la kwako ndilo lililokataa kupasuka mpaka nikadhani mashine imekwama. Lilipogawanyika vipande viwili sikuvitupa. Niliviweka dirishani pale maabara nikawa naviona kila asubuhi.

Sasa nikutajie Crispin, uelewe yanayofuata. Ni kijana wa huko huko Iringa, Mkatoliki, aliyekaa seminari na kusoma falsafa, kisha akaona upadre si wake. Tunafanya naye kazi kwenye mashine. Mtu mzuri, mwenye adabu, ila ana maswali ya kuchosha, na huwa anayaleta pale pale mtu anapotaka kwenda kula. Siku ile nilikuwa nimeshashika mhuri akaniuliza katika matofali yote ya kanisa letu ni yapi ninayoyajua. Nikamjibu haya hapa, si ameyaona yakivunjwa? Akasema ndiyo, ila haya hayapo tena, yamekuwa vipande. Yaliyoko ukutani sijayagusa. Kwa hiyo ninayoyajua siyo ninayoyatolea cheti, na ninayoyatolea cheti siyajui. Sasa cheti changu kinasema nini hasa?

Loo, baba, alinikera! Nilimwambia kama anataka uhakika aende akalivunje kanisa zima tofali kwa tofali, halafu waumini awakaribishe wasalie chini ya mwavuli wake wa falsafa. Akacheka, hakukasirika. Akasema hapo ndipo anapotaka tufike. Kwa kuwa hatuwezi kuvunja yote, kati ya tulichokivunja na tusichokivunja kuna pengo, na pengo hilo halizibwi na mashine hata iwe mpya namna gani. Linazibwa na kumwamini aliyechagua. Ndiyo maana mtu mwenye mhuri lazima aulize nani aliyachagua haya, na aliyaacha yapi. Nikamwambia aliyachagua baba yangu. Akauliza tena, kwa upole, baba aliyaacha yapi.

Jibu nililijua. Alama ya Mzee Yotamu haikuwemo.

Na wala sikushangaa, maana mimi ni mtoto wa kwetu. Nani kwetu atamwendea Mzee Yotamu amwambie lete tofali lako likavunjwe? Mtu aliyekufundisha wewe kusoma, aliyenishika mimi siku ya ubatizo, mwinjilisti wa kwanza wa mtaa wetu. Zawadi ya mtu wa namna ile haipelekwi kupimwa, inapokelewa kwa mikono miwili. Mama aliniambia ulivyompa heshima: ulisema matofali yake yote yawekwe kwenye tao la mlango mkubwa, chini ya kengele, ili kila anayeingia kanisani apite chini ya mkono wa Yotamu. Mimi nilipoambiwa nilisema baba amefanya jambo jema. Nilisema hivyo kwa moyo wote.

Crispin alijaribu mara moja zaidi. Alisema tunatamka kwamba tofali ni imara kama tunavyotamka kwamba ni jekundu, lakini wekundu tofali linao lenyewe hata likiwa limetupwa porini, wakati uimara hauko ndani ya tofali peke yake. Uko kati ya tofali, mzigo ulioko juu yake, na mtu aliyeko chini yake. Tofali la banda la kuku na tofali la kubeba kengele, hata kama yametoka tanuri moja, yanaulizwa maswali tofauti. Kwa hiyo akataka tuandike kwamba tumepima ya ukutani, ya tao bado. Mimi nikaona huyu mtu wa mjini anataka kumuumbua Mzee Yotamu hadharani kwa karatasi ya serikali. Nikapiga mhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikaenda kula.

Basi, wiki mbili zilizopita nipo maabara, mlinzi akaja kusema kuna babu getini anamuulizia mtoto wa Eliezeri. Nikatoka nikamkuta Mzee Yotamu, na lile koti lake jeusi, na kikapu amekikumbatia. Baba, alikuwa amepanda basi peke yake toka Ilula! Alikuwa amemgombeza kondakta pale Ipogolo, aliyetaka kikapu kipandishwe juu na mizigo mingine, akakipakata njia nzima mpaka Mbeya. Nilidhani ni vitunguu. Vitunguu vilikuwemo, vya juu juu. Chini yake kulikuwa na tofali, limefungwa kwenye kitambaa cha meza.

Nilimpeleka kwanza kwangu akanywa chai, akala, akapumzika. Ndipo aliponiambia kilichomleta, na nilitamani ardhi inifiche. Alisema alikaa kimya akingoja mtu aje kuchukua tofali lake kama walivyochukua ya wenzake, na hakuja mtu. Nyumba zote za mtaa zimetoa tofali likaenda Mbeya likapimwa na mashine ya serikali, hata nyumba ya Liberatus ambaye kanisani anaonekana Krismasi tu. Yeye peke yake amerukwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama amekuwa mtu wa kuachwa nje siku hizi, kwa kuwa ni mzee na macho yamemwisha. Alisema watu wanapompisha njia na kumwambia mzee pumzika, mzee usijisumbue, yeye anasikia wanamwambia kwamba hahesabiwi tena.

Tulidhani tunamheshimu, baba. Wewe, mimi, na wote.

Akanihadithia alivyoyachoma. Hakutaka kusaidiwa hata kuni. Alikata mwenyewe, akapanga tanuri lake nyuma ya nyumba, dogo, na usiku wa pili mvua ikamnyeshea. Wewe ni fundi, huhitaji kuelezwa. Tanuri dogo halina katikati, matofali yote yako pembeni, na pembeni moto haukai. Alipokuwa akieleza, mimi nilikuwa tayari nimelishika lile tofali kwenye kitambaa na kucha yangu imezama ndani yake.

Ningeweza kumwambia mashine ni mbovu. Ningeweza kumwambia arudi nyumbani, nitalipima baadaye nimletee jibu. Najuta kwamba sikusema hivyo, maana ningepata muda wa kutafuta maneno. Lakini alishasimama, fimbo mkononi, akitaka asikie kwa masikio yake. Nikampeleka. Crispin akamwekea kiti karibu na mashine. Mzee akavua kofia kama yuko kanisani.

Baba, sindano haikupanda. Ilitikisika tu, kisha tofali likabonyea na kumwagika chini ya vyuma kama unga. Hakukuwa na ule mlio. Mzee Yotamu, ambaye macho yake hayaoni zaidi ya kivuli, aligeuza sikio. Akauliza limesemaje.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nilimtazama yule mzee aliyepakata tofali toka Ilula mpaka Mbeya, nikamwambia limepita. Nikamwambia limepita vizuri, mzee, sawa na la baba.

Akatabasamu, akasema Bwana asifiwe. Halafu akaomba apewe kipande chake arudi nacho awaonyeshe watu. Hapo hakukuwa na kipande, baba, kulikuwa na kifusi cha kuzoa kwa beleshi. Nikaenda dirishani. Nikachukua nusu ya tofali lako, nikalifunga kwenye kile kitambaa chake cha meza, nikamkabidhi mkononi. Alilipapasa, akasema kumbe lilikuwa gumu hivi. Akanibariki.

Crispin aliyaona yote na hakusema neno mbele ya mzee. Alimbebea kikapu mpaka stendi, akamtafutia kiti cha mbele. Basi lilipoondoka ndipo aliponiambia kwamba cheti, kiwe cha mhuri au cha mdomo, hakiandikiwi aliyeleta tofali. Kinaandikiwa yule atakayepita chini yake. Mwenye tofali ataumia moyo akiambiwa kweli, lakini anayepita chini hana hata nafasi ya kuuliza, yeye ameshatuamini kabla hajatujua. Akasema mimi nimechukua neno lililokuwa haki ya watu wale wote nikampa mtu mmoja limfurahishe. Niliondoka nikaenda kulia chooni kama mtoto wa shule.

Wewe tena unaujua mlango ule kuliko mimi. Watakaokuwa wamesimama chini ya tao siku ya wakfu ni nani? Ni watoto wa shule ya Jumapili na matawi yao, wanaompokea askofu, na kengele ikipigwa kwa nguvu juu ya vichwa vyao. Nikiwaza hapo usingizi unakatika.

Kwa hiyo juzi nimemweleza mkuu wangu kila kitu. Cheti nimekifuta kwa mkono ule ule uliokipiga mhuri. Mkuu hakunifokea, na afadhali angenifokea. Amenitoa kwenye mashine kwa sasa na hajui kama nitarudi. Barua ya ofisi kwenda wilayani itaondoka wiki hii, nami nimekimbia kuitangulia, usije ukayasikia haya kutoka kwa dereva wa wilaya mbele ya watu. Najua nimekuvunjia siku yako, baba. Umelijenga kanisa lile na mguu mbovu, umesema mbele ya wazee kwamba mwanao ndiye atakayelipitisha, na mwanao ndiye anayelifunga. Sina namna ya kulisema hili likapungua uchungu.

Tao litegemezwe kwa nguzo kwanza, kengele iteremshwe, ndipo libomolewe toka juu. Tanuri la kina Mika lina matofali yaliyobaki, na yale yalipanda vizuri. Wahi ukiweza, usipowahi siku isogezwe, askofu ataelewa. Na matofali ya Mzee Yotamu nakuomba yasitupwe hata moja. Crispin amenifikirisha: hayafai kubeba kengele, lakini kuna mengine yanayofaa. Yajenge benchi la ukutani, nje, pale chini ya paa ambapo mvua haifiki na wazee hupumzika kabla ya ibada. Kwa kukaliwa ni imara kabisa, na hilo ningeweza kulipigia mhuri bila kudanganya.

Nisemeje kuhusu barua yako? Umeandika kwamba Mzee Yotamu anazunguka nyumba kwa nyumba na kitambaa chake, anakifungua kidogo, watu wanagusa na kumpongeza. Kisha ukaandika, "Na mimi nimekishika." Basi. Hukuandika kama ni kigumu, hukunipongeza, hukuniuliza kitu. Ukaruka kwenye habari ya chokaa. Nimesoma mstari ule mpaka karatasi imechakaa kwenye mkunjo.

Nusu niliyompa ni ile yenye alama ya kidole gumba chako. Mtu anaweza asiijue sauti yake, lakini kovu la shoka kwenye kidole chake mwenyewe hawezi kulipapasa asilijue. Ulijua, baba. Ulikishika mbele ya watu, ukamrudishia mzee wa watu, ukaja nyumbani ukakaa, ukaniandikia, ukanyamaza ili niseme mwenyewe. Nimechukua siku tano kusema. Nisamehe hizo siku tano zaidi ya mengine yote, kwa kuwa watu walikuwa wakipita.

Ijumaa nitapanda basi la asubuhi. Tafadhali usimwambie Mzee Yotamu lolote, wala usimwombe kile kipande. Nitakwenda kwake kabla sijafika nyumbani, nitapiga magoti, nitamwambia kwamba tofali lake lilipimwa kama ya wenzake na halikupita, na kwamba mimi ndiye niliyemdanganya. Sijui atanijibu nini. Kama atataka kunichapa fimbo, nitakaa. Angalau safari hii hatakuwa amerukwa.

Mwambie mama asinichinjie kuku, sistahili, ila najua hatasikia. Wasalimie kina Mika na mama Benedicta, na mwambie Liberatus kwamba tofali lake lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia. Crispin anakusalimu kwa heshima ingawa hamjaonana, na ameomba akija huko umwonyeshe jinsi ya kupanga tanuri lenye katikati. Mungu akutunze mguu, na akupe moyo wa kunifungulia mlango siku ya Ijumaa.

Ule wa ubavuni.

Ni mimi binti yako,
Esta Eliezeri